Bajaji Zinazoelekea Ziwani

Mkoa wa Simiyu una wilaya tano, na Ziwa Victoria linaigusa moja tu. Bariadi, Itilima, Maswa na Meatu ni nchi kavu ya pamba, mtama na ng'ombe. Busega peke yake ndiyo inayofika kwenye maji ya Ghuba ya Speke. Kwa hiyo mtu wa Bariadi akikwambia anapanga safari ya mwambao, ujue ana kilomita 71.8 za lami hadi Lamadi kabla hajaliona wimbi la kwanza.

Wanaoipanga safari hii ni madereva wa bajaji, waendesha guta wawili na fundi kijana mwenye gereji ya mabati isiyo mbali na stendi. Nia yao ni kuufuata ukingo wa kusini wa Ziwa Victoria wakiwa msafara mmoja: Bariadi, Lamadi, Nyashimo, Magu, Mwanza, kisha Sengerema, Geita, Chato na Muleba mpaka Bukoba. Kurudi, wapande meli pamoja na vyombo vyao. Mimi nilialikwa kwenye ukaguzi wa kipande cha kwanza, kile cha Simiyu. Sababu ya kualikwa ilikuwa daftari langu. Mwenyekiti wao alisema kikao kisichoandikwa kila mtu hukikumbuka kwa faida yake.

Wazo lenyewe halikuanza na bajaji. Lilianza na video kwenye simu ya fundi: vigari vifupi visivyo na milango wala paa, matairi manene nyuma, vinapanda vilima vya mchanga kisha vinashuka kwa ubavu huku waliomo wakipiga kelele za furaha. Hizo ndizo bagi. Fundi anaijua historia yake kuliko anavyoijua historia ya shule aliyosoma. Atakueleza kwamba mwaka 1964 Bruce Meyers, mjenzi wa mashua wa California, alifinyanga bodi ya faibaglasi na kuifunga vyuma vya Volkswagen, akaiita Meyers Manx. Atakueleza pia kwamba mwaka 1967 Meyers na mwenzake Ted Mangels waliikata rasi ya Baja California ya Meksiko, kati ya La Paz na Tijuana, kwa saa 34 na dakika 45, wakaishusha rekodi ya pikipiki kwa zaidi ya saa tano. Mwaka huohuo yakaanzishwa mashindano ya njia hiyo, na Manx ikayashinda pia. Meyers alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 94, na fundi anakitaja kifo hicho kama anayemtaja jamaa wa upande wa mama.

Mzee mmoja aliyekuwa amekuja kuzibisha tairi ya baiskeli aliisikiliza hadithi hiyo mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hiyo Volkswagen sisi tuliijua kabla ya hao." Hakukosea. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ya mgongo wa kobe iliyashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Sababu zilikuwa zilezile zilizomvutia Meyers: injini iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, na inapozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kutoboka wala maji ya kuchemka. Chini yake pametandazwa bamba bapa linaloteleza juu ya matope badala ya kukwama. Ukiivua bodi ya chuma ukaweka nyepesi, mchanga unakuwa uwanja wako.

Fundi alitaka kutengeneza bagi mbili. Vyuma vya Volkswagen hakuvipata Bariadi, akafikiria kuchomelea mabomba na kufunga injini ya pikipiki iliyopata ajali. Kikao kilimsikiliza kwa heshima, halafu mhazini akamuuliza swali moja: namba ya usajili ataipata wapi? Chombo kisicho na namba hakina bima, na chombo kisicho na bima trafiki wa kwanza tu pale Lamadi anakilaza kituoni. Bagi zikaishia hapo. Yaliyobaki ni magurudumu matatu ambayo kila mmoja wao anayalipia marejesho.

Bajaji si chombo cha kudharauliwa. Ni nyepesi, watu wanne wanaibeba ikikwama, tenki lake huchukua kama lita nane, na spea zake zinapatikana katika kila mji mdogo wenye duka la vifaa vya pikipiki, jambo ambalo bagi ya Meyers isingelipata kati ya Bariadi na Bukoba hata kwa dawa. Lakini ina kasoro moja ya maumbile. Njia za vumbi za vijijini zimechimbwa na magari ya magurudumu manne: mifereji miwili pembeni, tuta katikati. Gari linapita ndani ya mifereji yake. Bajaji ikiweka magurudumu ya nyuma kwenye mifereji, la mbele linapanda tuta, linayumba, usukani unakupiga mikono. Ikihamia upande mmoja inalala ubavu. Dereva wa mjini hajui habari hiyo mpaka aache lami.

Ndiyo maana ukaguzi ulianza na udongo.

Mkulima wa Kisukuma hakuhitaji kufundishwa kwamba udongo unabadilika kadiri unavyoshuka mlima. Juu, karibu na mawe, ni luseni, udongo wa kichanga. Chini yake ni itogolo, mgumu wakati wa kiangazi na wenye kuteleza wakati wa mvua. Bondeni ni mbuga, ule mweusi unaopasuka nyufa za kumeza mguu jua likiwaka na kunata kama ulimbo mvua ikinyesha. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Usambara, aliupa ulimwengu wa sayansi dhana ya mnyororo wa udongo kutoka kileleni hadi bondeni, na dhana hiyo inafundishwa vyuoni mpaka leo. Madereva wa Bariadi wanaifundishwa na spana. Katika daftari langu njia yote iligawanywa kwa mpangilio huohuo, na kwenye kila mbuga fundi akasema niandike neno moja: kiangazi.

Hilo ndilo lililoamua mwezi wa safari. Mvua za Simiyu huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuachia kama Mei. Msimu wa kuuza pamba unafuata, na pamba ndiyo pesa ya mkoa huu unaoongoza nchini kwa zao hilo. Mkulima akilipwa, bajaji inapata abiria, na dereva anapata mchango wa safari. Julai njia ni kavu lakini malori ya pamba yamejaa barabarani. Wakakubaliana kusubiri Nane Nane ipite. Sikukuu hiyo ya wakulima wana Bariadi wanaijua vizuri: viwanja vya Nyakabindi vilibeba maadhimisho ya kitaifa kuanzia 2018 hadi 2020, na madereva wa wakati ule wanazizungumzia siku zile kama wavuvi wanavyozungumzia mwaka wa samaki wengi.

Tuliondoka alfajiri, mvua zikiwa zinaishia, bajaji mbili na guta moja. Guta lilibeba dumu la petroli, mpira wa akiba, pampu, kamba, na kiroba cha michembe na matobolwa. Viazi vitamu vilivyokaushwa haviozi, na vikiliwa kwa chai vinamshibisha mtu mpaka jioni. Katika orodha nzima ya maandalizi hicho ndicho kifungu pekee kilichopita bila mjadala.

Kipande cha Bariadi hadi Lamadi hakina visa, na sitakipamba. Ni lami nzuri, sehemu ya barabara inayoanzia Mwigumbi na kupita Maswa, na bajaji ikishika mwendo wake wa kawaida unalala usingizi. Dutwa tulipunguza mwendo kwa sababu ya makundi ya ng'ombe. Utani ulikuja mtu alipouliza kama msafara wenyewe ungepitia Gamboshi, kijiji cha Bariadi ambacho nchi nzima inakisimulia kama makao makuu ya wachawi. Dereva aliyezaliwa upande huo alichoka kucheka zamani. "Waje wakione," alisema. "Watakuta watu wanapalilia pamba." Akaongeza kuwa akiwa Dar es Salaam na akataja anakotoka, hadaiwi deni.

Lamadi ni njia panda. Ukishika kulia unaelekea Bunda na Musoma, ukipita lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti. Kushoto ni Magu na Mwanza. Kijana mmoja alitaka tuchungulie hifadhini. Haiwezekani: pikipiki na bajaji haziruhusiwi ndani, na hata nje yake tembo hawaujui mpaka. Wanavijiji wa Busega, Bariadi na Itilima wanaopakana na hifadhi wameshazoea kulinda mashamba usiku kwa tochi na madebe. Niliandika: hakuna kutembea usiku kati ya Dutwa na Nyashimo. Mwenyekiti alipiga mstari chini yake.

Mchanga tuliufuata kwenye mwalo mmoja wa Busega, tukiiacha lami na kushuka njia ya magari ya dagaa. Hapo ndipo ilipojulikana kwa nini bagi ina matairi manene. Bajaji ya kwanza ilikwenda hatua chache ikazama mpaka kwenye ekseli. Kijana mwenye kupenda mitandao akashauri matairi yapunguzwe upepo, maana ndivyo wafanyavyo wa jangwani. Fundi alimkatalia. Tairi la bajaji lina tyubu ndani. Likilegea sana linateleza juu ya rimu, linaivuta tyubu, na valvu inakatika. Bagi inashusha upepo kwa sababu tairi lake ni pana na gari lenyewe ni jepesi kwa upana ule. Bajaji dawa yake ni mikono. Wavuvi wanne waliacha nyavu wakaibeba na kuiweka kwenye nyasi, na mama mmoja wa makamo aliyekuwa anaanika dagaa akatuuliza tunachokitafuta. Aliamkiwa kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," na vijana wote wakiwa wameinama kidogo, akaitikia, halafu akaambiwa: tunatafuta njia ya kufuata ukingo.

"Ukingo upi?" akauliza. Akanyoosha mkono kuelekea vichaka vilivyosimama majini. Pale palikuwa na njia, na mbele yake palikuwa na vibanda.

Ziwa Victoria lilijaa Mei 2020 hadi kuivuka rekodi ya Mei 1964, likameza mialo, mashamba ya mpunga na nyumba katika nchi zote tatu, na mwaka 2024 likapanda tena. Ramani ya simu ya fundi ilionyesha njia kavu mahali ambapo sasa mitumbwi imefungwa. Zaidi ya maji kuna sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira, na kiongozi wa BMU, kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo ule, alitukumbusha jambo hilo kwa upole, akiwa anazitazama alama za matairi yetu kwenye nyasi za ukingoni. Samaki wengi wanazaa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Mtu hawezi kulaumu msafara mmoja wa bajaji kwa kupungua kwa samaki, lakini hakuna sababu ya msafara huo kuongeza lake.

Hapa nina maoni yangu. Picha za bagi zinazokimbia ufukweni zinauza sana, na kule kwenye bahari watu wameanza kuzitamani. Mchanga mtupu hauko mtupu. Saadani, hifadhi ya taifa yenye ufukwe wa Bahari ya Hindi, kasa hupanda usiku kutaga, na tairi likipita juu ya kiota hakuna anayejua kimevunjika nini. Hata kilima cha mchanga maarufu kuliko vyote Tanzania, kile cheusi cha karibu na Bonde la Olduvai kilichotokana na majivu ya Ol Doinyo Lengai na kinachosukumwa na upepo mwaka baada ya mwaka, kinatembelewa kwa miguu. Wana Bariadi walifika kwenye uamuzi wa kuuacha mchanga kwa njia fupi zaidi: kubeba bajaji kunauma mgongo. Msafara utakaa kwenye barabara kuu, na kila mwalo utaingiwa kwa miguu.

Kulala nako kulikuwa na mjadala. Vijana walitaka mahema kando ya maji. Mama wa dagaa aliumaliza kwa kusema viboko wanatoka usiku kula nyasi, na nyasi ziko hapo mnapotaka kulala. Mahema yakafutwa, nyumba za wageni za Lamadi na Nyashimo zikaandikwa.

Karibu na Nassa tulikula samaki chini ya mti, ghuba ikiwa mbele yetu. Jina lake linatokana na John Hanning Speke, aliyeliona ziwa upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858. Lakini anayefaa kusomwa na mpangaji wa msafara ni Henry Morton Stanley, pamoja na ukatili wake wote. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na mashua, Lady Alice, iliyokatwa vipande ili wapagazi waibebe hadi ziwani. Baada ya kuiunga, tarehe 8 Machi 1875 aliondoka Kageye kwenye ukingo wa kusini wa ghuba akiwa na mabaharia wachache, akapita mdomo wa Mto Simiyu, ule ulioupa mkoa huu jina, akalizunguka ziwa lote kwa siku 57. Fundi alivutiwa na vipande. Chombo kinachofunguka kinatengenezeka, alisema, na hapohapo akaongeza kwenye orodha: kebo za klachi, plagi, beringi za magurudumu ya mbele, tyubu, taa, na mnyororo wa guta. Mwenyekiti alivutiwa na jambo jingine: wapagazi walibeba mashua hadi ziwani, na kitabu kikaandikwa jina la mwenye bunduki. Akataka majina ya wote yaandikwe mwanzoni mwa daftari. Yameandikwa.

Mbele ya hapo hatukukagua. Magu hadi Bukoba watauliza madereva wa huko. Wanachokijua tayari ni kwamba kati ya Kigongo na Busisi hapana tena foleni ya kivuko. Daraja la kilomita tatu lilifunguliwa Juni 2025, na kwa msafara wa vyombo vidogo faida yake kubwa si dakika zilizookolewa bali kutogawanyika: zamani nusu ingevuka, nusu ingebaki ng'ambo ikisubiri zamu. Kurudi wanaitegemea MV Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya ukarabati, na mhazini amepewa kazi ya kuulizia nauli ya bajaji kama mzigo.

Kikao cha mwisho nilichohudhuria kilikuwa kirefu na kizuri. Kuhusu leseni, bajaji za abiria hupewa eneo la kazi, kwa hiyo ofisi ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, itaulizwa kwa barua, na safarini hakuna abiria wa kulipa, hata shangazi wa mtu. Kuhusu mwendo, kilomita 50 kwa saa kwenye makazi, kama vibao vinavyosema. Faini ya trafiki itatoka mfukoni mwa aliyekosa, si kwenye mfuko wa kikundi. Kuhusu mpangilio, waligombana. Vijana walitaka bajaji mpya itangulie. Wazee wa kijiwe walitaka guta litangulie kwa kuwa ndilo zito, na msafara unaoongozwa na mwepesi hugawanyika kabla ya Dutwa. Guta likashinda. Fundi atakuwa wa mwisho siku zote, na vifaa vyote vitakuwa kwake, maana anayeharibikiwa hubaki nyuma na fundi aliye mbele hamfai. Penye vumbi kila mmoja aachie nafasi mpaka aione taa ya mwenzake. Honi mbili ni kusimama, tatu ni fundi.

Katibu alisoma maazimio, kisha michango. Waliokuwa hawajamaliza walikuwa watatu, na mmoja wao ni mwenyekiti, ambaye aliahidi kulipa pamba ya mkewe ikishanunuliwa. Mhazini alisema ahadi ya pamba ya mke haiandikwi kwenye daftari, akamwomba mke mwenyewe apigiwe simu.